Laibrari ya muvi Mwanjelwa, flashi ya GB 32 na mdogo wangu asiyesikia

Naandika hii kwa mtu yeyote wa Mbeya mwenye kiziwi nyumbani, maana najua mpo wengi tu na jioni mnamkalisha mbele ya tivii mnaona imetosha, picha si anaziona. Jina la duka silitaji, biashara ya kujaza muvi kwenye flashi wenyewe mnaijua ilivyo, hakimiliki na nini, leo wapo kesho wamefunga. Niseme tu ni kafremu kadogo pale Mwanjelwa, kana kompyuta mbili, feni ambayo sijawahi kuiona inazunguka (Mbeya hii feni ya nini) na kijana mmoja ambaye mzula hautoki kichwani Januari mpaka Desemba. Sijalipwa na mtu, hela yangu nimetoa mwenyewe.

Mdogo wangu aliugua homa ya uti wa mgongo akiwa na miaka minne, akapona, masikio hayakupona. Kasoma shule ya viziwi kule Njombe, lugha ya alama anaimwaga kama maji, Kiswahili cha kusoma anakimudu, Kiingereza cha kuokoteza. Sasa hivi ni fundi viatu, mikono yake mchana inashona usiku inaongea. Mimi ndo mkalimani wake hapa nyumbani, sijasomea, nimekua naye tu.

Sasa mwezi wa sita ile baridi imekolea hakuna anayetaka kutoka, nikasema ngoja nimtafutie kitu cha kuangalia chenye watu kama yeye. Nikaenda pale nikamwambia kijana, dogo nitafutie muvi yenye viziwi, wanaoongea kwa mikono, sio vichekesho. Akasema ipo dada, tena imetafsiriwa kabisa. Mi na uelewa wangu wote nikachukua! Mia tano, nikaondoka nafurahi.

Kwa ambaye hajui, madijei wetu wanachukua muvi ya nje wanaongea Kiswahili juu yake mwanzo mwisho, anauliza yeye anajibu yeye anacheka yeye. Mi nazipenda, bibi yangu kule Rungwe kusoma hajui lakini muvi za Kichina anakusimulia mpaka mwisho. Ila kwa kiziwi hiyo ni sawa na kumwekea redio. Na maandishi ya chini yalikuwepo, ila wameyaziba na kibandiko cha jina la dijei na namba yake ya simu, kinakimbia kimbia pale chini muvi nzima. Ikafika sehemu yule dada kiziwi anaongea kwa mikono, dijei hajui anasema nini, si akaanza kutunga. "Bubu huyu anasema ana njaa." Watoto wa jirani waliojazana sebuleni wakaangua kicheko. Mdogo wangu akawaona wanacheka, akanigeukia, wanacheka nini? Nikamwambia hamna kitu. Akarudi kuangalia tivii na yule dada bado anarusha mikono, na alama mbili tatu alizozijua pale hazikuwa na njaa wala chakula, akaniangalia tena, safari hii hakuuliza.

Na hilo neno bubu, jamani, wenyewe hawalipendi, wanajiita viziwi. Chama chao tu kinaitwa Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA.

Kesho yake nikarudi. Nikamwambia kijana, dogo, muvi yako ni sauti tupu. Akashangaa, "Dada, muvi bila sauti si mbovu hiyo?" Nikamwambia huyu ninayemchukulia hasikii. Akanyamaza, akavua mzula akakuna kichwa akauvaa, akasema basi ngoja nicheki za orijino. Hapo ndo nilianza kumpenda yule kijana, maana alitafuta kweli, wateja wawili wakaondoka wamenuna, na mwisho akaitoa sizoni moja ya Marekani inaitwa Switched at Birth, sizoni zote tano, episodi 103. Akanifanyia elfu nne badala ya tano, ikaingia kwenye flashi yangu ya GB 32 na nafasi ikabaki.

Nikafika home nikachomeka. Viziwi wakiongea kwa mikono, maandishi yapo, ya Kiingereza lakini yapo. Wanaosikia wakifungua mdomo, hakuna kitu, midomo inacheza tu. Mara ya kwanza maishani naona tivii ambayo mdogo wangu yupo na mama ndo kapotea, alafu sehemu inayofuata mama yupo yeye kapotea. Kumbe maandishi ya lugha ya alama watengenezaji waliyapachika ndani ya picha yenyewe kwa ajili ya wasiojua alama, ila ya maneno ya kawaida yanakaa kwenye faili lake dogo pembeni ya video, na kijana aliyaacha eti kuokoa nafasi. Faili lenyewe ni maneno matupu, halifikii hata uzito wa picha moja ya simu! Kwahiyo mkienda, ombeni faili la maandishi kwa mdomo wenu, na hakikisheni jina lake linafanana na jina la video herufi kwa herufi na yapo folda moja, vinginevyo tivii nyingi hazitayaona. Nilivyorudi mara ya tatu alikaa akabadilisha majina yote 103 moja moja, mi nje nakula mahindi ya kuchoma, na hakunidai hata mia.

Sasa sizoni yenyewe. Wasichana wawili walibadilishwa hospitali walipozaliwa, kila mmoja kakulia kwa wazazi wa mwenzake, wanakuja kugundua wakiwa vigori. Mmoja anaitwa Bay, wa pili Daphne, na Daphne ni kiziwi, na unajua alipoteza vipi kusikia? Homa ya uti wa mgongo, akiwa na miaka mitatu. Nilivyomtafsiria mdogo wangu alinishika mkono nisimamishe, akanionyesha vidole vinne akajigusa kifua, alafu vitatu akanyoosha kwenye tivii. Alirudia hivyo mara mbili. Baada ya hapo hata chai ilipoa.

Ilianza kuonyeshwa kwao 2011 ikaisha 2017, kwahiyo kwa wapenda vipya imeshapitwa, mi sijali. Kilichonishika ni kwamba viziwi wengi humo ni viziwi kweli. Kuna kijana humo anaitwa Emmett, rafiki wa Daphne, anayemwigiza ni Sean Berdy, kiziwi. Mama yake Emmett ni Marlee Matlin, kiziwi, huyo mama alishachukua Oscar ya mwigizaji bora wa kike mwaka 1987 akiwa na miaka 21. Daphne mwenyewe, Katie Leclerc, sio kiziwi kamili, ana ugonjwa wa sikio la ndani unaoitwa Ménière ambao usikivu unapanda unashuka, na kuna viziwi huko kwao hawakufurahia hilo pamoja na jinsi anavyoigiza sauti ya kiziwi. Mdogo wangu sauti haimhusu, ila mikono ya Daphne alisema ni ya mtu aliyejifunza ukubwani, ya Emmett ndo ya nyumbani. Sikumwambia chochote kabla, kaona mwenyewe.

Na Emmett anaendesha pikipiki. Jamani. Mdogo wangu kaomba miaka mitatu anunuliwe pikipiki, jibu ni lile lile, utasikiaje honi. Sasa hivi kila mgeni akija anawekewa ile sehemu ya pikipiki kwanza, mjumbe wa nyumba kumi kawekewa, mama mchungaji kawekewa.

Kamera nayo. Mtu akiongea kwa mikono wanarudi nyuma kidogo umwone kuanzia kiunoni mpaka kichwani, hawakimbilii kuonyesha sura ya anayesikiliza katikati ya sentensi. Muvi zingine hata wakimweka kiziwi wanamkata mikono, unaona shingo na machozi, maneno yamebaki nje ya picha. Huku nako sio kila mara wanapatia, kuna sehemu mdogo wangu alipiga meza kwa hasira sababu vidole vimekatwa na ukingo wa tivii. Kingine kilichomkera ni watu kuongea kwa mdomo na mikono kwa wakati mmoja, humo wanafanya sana. Mi nilikuwa naona sawa tu mpaka aliponiambia jaribu wewe kuongea Kiswahili huku unaandika Kiingereza tuone kipi kitanyooka. Na kweli sarufi ni tofauti, nusu ya lugha ya alama ipo usoni, nyusi zikipanda au zikikunjana swali limebadilika, sasa mdomo ukiwa bize na maneno uso unafanya kazi ya nani.

Episodi ya kuitafuta kama hamna muda wa zote ni sizoni ya pili, ya tisa, ilitoka Machi 2013. Karibu yote ni lugha ya alama, sauti hakuna. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi kuuliza kama spika zimeungua. Wanafunzi viziwi wanaikalia shule yao isifungwe, na wamechukua wazo kutoka kitu kilichotokea kweli, chuo cha Gallaudet pale Washington, Machi 1988, wanafunzi walifunga mageti wiki nzima wakimkataa mkuu mpya asiye kiziwi mpaka wakapewa I. King Jordan, kiziwi wa kwanza kuongoza chuo hicho tangu kianzishwe 1864. Nilimweleza mdogo wangu yote hayo kwa mikono, ikanichukua muda mrefu kuliko episodi. Akauliza, polisi hawakuja?

Msidhani mtakaa tu muangalie lakini. Alama za humo ni za Kimarekani, sisi tuna Lugha ya Alama ya Tanzania, na duniani zipo zaidi ya 300, ile dhana kwamba viziwi wote wana lugha moja futeni. Herufi za vidole anazijua nyingi maana zinafanana, alama moja moja anadaka, lakini mazungumzo yakikimbia lazima asome, na Kiingereza kinamtupa. (Aliwahi kuona Waingereza kwenye simu wanatumia mikono miwili kutaja herufi, akacheka siku nzima, eti wanakunja chapati.) Kwahiyo mimi na rimoti, simamisha, tafsiri, endelea, episodi ya dakika 42 inakula karibu masaa mawili. Na taa ya sebuleni haizimwi kabisa, kwenye giza mi naye hatuongei. Umeme ukikatika, tivii imekufa na mazungumzo yamekufa, anabaki ananishika bega tu gizani niendelee, niendelee vipi sasa.

Kuna kitu kingine nimesita kukiandika. Yule baba aliyemlea Bay kwenye sizoni, John, anagundua mtoto wake wa damu ni kiziwi na anaanza kujifunza alama mtu mzima, vidole vizito, anakosea, anaaibika. Mzee wetu alikuwa kakaa kwenye kochi lake na koti. Mzee alama zake hazizidi kumi, kula, njoo, lala, pesa hamna. Hakusema kitu usiku ule. Wiki iliyofuata nilimkuta anamuuliza mdogo wangu "viatu vingapi leo", kwa mikono, kakosea nusu, mdogo wangu akaelewa.

Nikilinganisha na kinachoingia kupitia king'amuzi chetu, ambacho ninakilipia kila mwezi, aisee. Mkalimani kwenye taarifa ya habari yupo, siku zingine, kwenye stesheni zingine. Kule wanamweka kwenye kidirisha kama kiberiti, pale kona ya chini, alafu ule mstari wa habari zinazotembea unapita juu ya mikono yake. Sura unaiona, mikono kuanzia kifundo imezama kwenye bei ya mahindi. Mdogo wangu anasogeza stuli mpaka pua inagusa kioo. Uingereza mwongozo wao unasema mkalimani asichukue chini ya sehemu moja ya sita ya picha, na sisi pale nilipima na rula, tivii yetu inchi 32, kidirisha hakifiki ukubwa wa kiganja changu. Ikija tamthilia, mkalimani hayupo wala maandishi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu ibara ya 30 umetaja vipindi vya televisheni kwa jina, viwepo kwa namna ambayo mtu mwenye ulemavu ataviona na kuvielewa, na Tanzania tuliuridhia 2009, alafu 2010 tukatunga sheria yetu. Majirani Kenya waliiweka lugha ya alama kwenye katiba ya 2010 kama lugha ya Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza, Afrika Kusini 2023 wakaifanya ya 12 kwenye lugha rasmi. Ingawa hao hao Afrika Kusini ndo walimsimamisha yule mkalimani feki kwenye kumbukumbu ya Mandela, Desemba 2013, anapepea mikono pembeni ya Obama hasemi kitu, viziwi wakamshtukia hapo hapo. Mdogo wangu anayo ile klipu kwenye simu. Anasema huyo angalau alionekana mikono yote.

Muvi zetu za Bongo sitasema sana. Nyingi nilizoangalia mimi kiziwi anakuja kama hausigeli wa kusukumwa sukumwa, au kichekesho, au anaombewa mwisho wa sehemu ya pili anasikia. Anayeigiza sio kiziwi na mikono anairusha tu. Mtu unajiuliza, viziwi waliojaa hii nchi hakuna hata mmoja wa kumpigia simu, sawa, kumtumia meseji?

Haya turudi dukani. Bei poa, elfu moja sizoni, mia tano muvi moja, flashi wanazo ila msinunue kwao, niliyonunua pale mwaka jana iliandikwa GB 64 na baada ya 8 ikaanza kula mafaili. Virusi wapo, skani kabla ya kuchomeka kwenye kompyuta ya kazini (nimejifunza kwa uchungu). Foleni jumamosi ni ya kukata tamaa. Na lile folda la "zilizotafsiriwa" ndo la kwanza ukifungua, mteja asiyesikia akienda peke yake atapewa hizo, ndo maana nilimwomba kijana aweke folda la zenye maandishi. Kaliweka. Kaliita VIZIWI, kwa herufi kubwa, na sasa anasema wanaolichukua zaidi ni wanafunzi wa chuo wanaotaka kunoa Kiingereza. Nawapa nyota nne, ya tano ningewapa kama wangekuwa na kitu hata kimoja chenye maandishi ya Kiswahili, sio kosa lao, hakipo cha kujaza.

Mdogo wangu sasa anaenda mwenyewe. Anabeba daftari, anaandika anachotaka, kijana anajibu kwa kuandika. Kampa jina la alama pia, si unajua viziwi hawahangaiki na jina lako la kitambulisho, wanakupa la kwao kutokana na ulivyo, basi lake ni kuvuta mzula mpaka kwenye nyusi. Kijana kafurahi kuliko aliyepewa cheti, kaomba afundishwe na alama zingine. Juzi mdogo wangu kapeleka flashi, umeme hakuna, kijana akataka kumwambia arudi kesho bila kutumia daftari. Akakosea alama. Alichosema badala ya kesho siwezi kukiandika hapa, ila mdogo wangu alirudi nyumbani machozi yanamtoka kwa kucheka, na kesho yake akaenda.